Joto la Nyumba ya Kununua: Ukaguzi wa Boila na Mfumo wa Joto Nchini Uingereza

Utangulizi

Mnunuzi wa nyumba katika miji ya Afrika Mashariki ana mambo yake ya kawaida ya kuyaangalia. Huchungulia paa kama linavuja, hufungua mfereji kuona kama maji yanatoka, huomba nakala ya hatimiliki ili wakili aichunguze katika ofisi ya ardhi na, kama ni mtu wa busara, huwauliza majirani kuhusu usalama wa mtaa. Haulizi nyumba itapashwaje joto. Huko Mombasa na Lamu hofu ni ya harara, ndiyo maana nyumba za kale za mwambao zilijengwa kwa kuta nene na nafasi za kupitishia upepo. Hata kule Limuru na Nyahururu, ambako baridi ya Julai huuma, watu wengi hutegemea jiko la makaa na mablanketi mazito.

Nchini Uingereza mambo ni kinyume. Nyumba isiyo na joto kati ya Novemba na Machi haikaliki, na ile inayokalika aghalabu hutegemea mtambo mmoja uliotundikwa jikoni au kufichwa kabatini, yaani boila. Mtambo huu huchoma gesi, hupasha maji joto, kisha maji hayo huzungushwa na pampu kupitia mabomba yaliyozikwa sakafuni na kutani. Mnunuzi anayeingia kutazama nyumba huona rangi mpya, zulia jipya na bustani iliyofyekwa. Mfumo unaomwezesha kuishi humo hauoni, na hata akiuona hajui aangalie nini.

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili pia. Wapo Wakenya, Watanzania na Waganda wengi waliofanya makao yao London, Leicester, Birmingham na kwingineko, na baadhi yao wamefikia hatua ya kununua nyumba. Mikataba yao huandikwa kwa Kiingereza, lakini mashauriano ya mume na mke, au simu ya kuomba rai ya mjomba aliyetangulia kuhamia huko, mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili. Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa lugha hiyo hiyo, namna boila na mfumo wa joto unavyokaguliwa kabla ya nyumba kununuliwa. Hoja inayoyaongoza ni kwamba kitu asichoweza mtu kukitaja hawezi kukiulizia na, katika sheria ya Uingereza, kitu asichokiulizia mnunuzi huwa ni hasara yake mwenyewe. Sheria inayorejelewa ni ile inayotumika Uingereza yenyewe pamoja na Wales, kwa kuwa Uskoti ina utaratibu wake.

Mzigo wa Mnunuzi

Uuzaji wa nyumba katika nchi hizo umejengwa juu ya kanuni kongwe isemayo kwamba mnunuzi na ajihadhari. Muuzaji halazimiki kutangaza kila kasoro ya kimaumbile iliyomo nyumbani mwake. Akinyamaza bila kudanganya, kisha boila ikafa wiki moja baada ya mnunuzi kuhamia, gharama kwa kawaida ni ya mnunuzi. Hali hubadilika pale muuzaji anapoulizwa na kujibu uongo. Sheria ya mwaka 1967 kuhusu taarifa za upotoshaji humpa mnunuzi njia ya kudai fidia iwapo alishawishiwa kuingia katika mkataba na kauli isiyo ya kweli. Kwa hivyo, kimya cha muuzaji humlinda, ilhali jibu lake humfunga. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa, zaidi ya kuondoa ujinga, kuuliza ni kumhamishia mwenzio sehemu ya mzigo.

Wakati wa kuuliza nao una mpaka. Bei inapokubaliwa kwa mdomo, pande zote mbili bado zina uhuru wa kujiondoa. Uhuru huo hukoma siku mikataba inapobadilishanwa. Siku hiyo mnunuzi hutoa arbuni, ambayo aghalabu ni asilimia 10 ya bei, na akirudi nyuma baadaye huenda akaipoteza. Ukaguzi wowote wa boila wenye maana sharti uwe umekwisha kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo mnunuzi anaweza kugundua mengi, lakini hana tena nguvu ya kuyajadili.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba kazi hii imeshafanywa na mkaguzi wa majengo waliyemlipa. Dhana hiyo imewagharimu wengi. Ripoti za ukaguzi zinazofuata viwango vya RICS, ambayo ni taasisi ya kitaaluma ya wakaguzi na wathamini, zina ngazi tatu. Hata katika ngazi ya juu kabisa, mkaguzi huutazama mfumo wa joto kwa macho tu. Hafungui boila wala hapimi gesi. Anapoandika kwamba mfumo huo ukaguliwe na fundi aliyesajiliwa, msomaji mwenye haraka huichukua kauli hiyo kuwa desturi tu ya uandishi, kumbe mkaguzi anakiri kwamba sehemu hiyo ya nyumba haijachunguzwa. Huko Uskoti, tangu Desemba 2008, muuzaji ndiye hugharimia ripoti ya nyumba kabla ya kuitangaza sokoni. Hata hivyo, ripoti hiyo nayo si kipimo cha boila.

Mfumo na Majina Yake

Kabla ya kukagua, yafaa vitu vipewe majina. Wepesi wa kusema kwamba boila ni chombo cha kuchemshia maji unapotosha kidogo. Boila ya nyumbani haiyafikishi maji hadi yakatokota. Huyapasha joto tu, kisha huyapeleka yanakohitajika. Maji hayo huenda kwenye rejeta. Neno hili msomaji analijua kutoka gereji za magari, na linafaa pasipo kubadilishwa. Rejeta ya gari huutoa moto wa injini isije ikaungua, na rejeta ya ukutani huutoa moto wa maji ili chumba kipate joto. Kazi ni ile ile, isipokuwa kwamba kwenye gari joto ni adui na chumbani ni rafiki. Moshi wa boila hutoka nje kupitia dohani, neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya moshi. Kifaa kidogo cha ukutani kinachoiamuru boila iwake au izimike kulingana na joto la chumba ni kidhibiti-joto.

Boila za gesi zinazopatikana majumbani ni za aina kuu tatu. Ya kwanza ni boila ya papo kwa papo. Hii haina tangi. Mfereji wa maji moto unapofunguliwa, boila huwaka na kuyapasha maji yanapopita. Msomaji wa Kenya anaweza kuilinganisha na shawa ya umeme ya papo kwa papo, ila hii hutumia gesi na huhudumia nyumba nzima. Ya pili ni boila ya mtungi, ambayo hupasha maji na kuyahifadhi katika mtungi mkubwa uliofunikwa kwa kizuia-joto, kwa kawaida ndani ya kabati. Ya tatu ni ya mtindo wa zamani, yenye mtungi pamoja na tangi la maji baridi darini.

Tofauti hizi si za majina tu. Boila ya papo kwa papo huifaa nyumba ndogo, lakini watu wawili wakioga kwa wakati mmoja katika bafu mbili, aghalabu maji hupungua nguvu. Boila ya mtungi huhimili matumizi hayo, ila maji ya mtungini yakiisha wakaaji hungoja mengine yapate moto. Tangi la darini huhitaji nafasi, na bomba lake likipasuka kwa barafu, maji hushukia vyumbani. Mwenye familia ya watu sita anayenunua nyumba yenye boila ndogo ya papo kwa papo amenunua pia foleni ya kila asubuhi kwenye mlango wa bafu.

Ipo pia migawanyiko mingine. Baadhi ya nyumba za mashambani hazijafikiwa na mabomba ya gesi, hivyo hutumia mafuta au gesi ya mitungi. Baadhi ya majengo ya ghorofa, hasa London, yana mtambo mmoja unaohudumia nyumba zote. Hapo mnunuzi hatakuta boila nyumbani mwake, na maswali yake yatahusu bei ya joto, mita, na nani hulipia matengenezo ya mtambo wa pamoja.

Ukaguzi wa Macho, Masikio na Mikono

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji utaalamu. Huhitaji muda na ujasiri wa kuomba. Mnunuzi hana ruhusa ya kufungua kifuniko cha boila, kwani kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa, lakini yapo mengi anayoweza kuyabaini kwa nje.

Jambo la kwanza ni kuomba mfumo uwe umezimwa kabla ya kufika kwake. Nyumba iliyokwisha kupashwa joto haielezi ilichukua saa ngapi kufikia hapo. Mfumo ukiwashwa mbele ya mnunuzi, boila inapaswa kuwaka bila kusitasita, na rejeta za nyumba ya kawaida zianze kupata moto katika muda wa nusu saa hivi. Ombi hili ni muhimu zaidi kwa anayetazama nyumba wakati wa kiangazi, kwa sababu mwezi wa Julai hakuna anayewazia baridi wala muuzaji haoni sababu ya kuwasha boila. Endapo nyumba imekaa tupu na maji yamekwisha kutolewa katika mfumo, hakuna jaribio linalowezekana, na mnunuzi aichukulie hali hiyo kuwa swali lisilojibiwa.

Pili, asikilize. Boila nzima hunguruma kwa utulivu. Ikitoa mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka, huenda ndani yake pamejengeka ukoko wa chokaa. Kila aliyekula wali anaujua ukoko unaoganda chini ya sufuria. Ukoko wa boila hutokana na maji magumu, yaani yenye madini ya chokaa kwa wingi, na London pamoja na eneo la kusini-mashariki mwa Uingereza yanajulikana kwa maji ya aina hiyo. Ukoko huzuia moto kuyafikia maji, kwa hivyo gesi nyingi huchomwa kwa joto kidogo.

Tatu, aangalie geji ya kanieneo. Katika mifumo isiyo na tangi darini, mshale wa geji mfumo ukiwa baridi kwa kawaida huwa kati ya baa 1 na baa 1.5, na hupanda kiasi maji yanapopata moto. Mshale ulioshuka karibu na sufuri unadokeza kwamba maji yanavuja mahali fulani, pengine chini ya sakafu. Unaopanda hadi kukaribia baa 3 unadokeza kasoro nyingine, kwa kuwa hapo ndipo vali ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje.

Nne, apitie rejeta moja baada ya nyingine na kuzigusa juu, chini na katikati. Ikiwa rejeta ina moto chini na baridi juu, kwa kawaida imejaa hewa, na dawa yake ni nyepesi: hewa hutolewa kwa ufunguo mdogo. Ikiwa ina moto juu na baridi chini, hasa sehemu ya katikati, huenda imejaa tope. Tope hili ni jeusi, na asili yake ni kutu ya chuma cha rejeta zenyewe. Halikai mahali pamoja. Husafiri na maji hadi kwenye pampu na kwenye moyo wa boila, na boila mpya ikifungwa kwenye mfumo mchafu huharibika kabla ya wakati wake. Kwa hiyo, muuzaji anayejigamba kwamba ameweka boila mpya aulizwe swali linalofuata: je, mabomba na rejeta vilisafishwa kabla haijafungwa?

Tano, afungue mifereji. Afungue maji moto jikoni na ahesabu muda hadi yatoke moto, kisha afungue mfereji wa bafuni pasipo kufunga ule wa jikoni, aone kama nguvu inapungua. Sita, atoke nje aitazame dohani. Isiwe chini ya dirisha linalofunguka, na ukuta unaoizunguka usiwe na masizi. Wingu jeupe linalotoka katika dohani ya boila ya kisasa si la kutisha kwani ni mvuke. Boila hizi huupoza moshi hadi mvuke uliomo ugeuke maji, na hivyo huvuna joto ambalo zamani lilipotelea hewani. Ndiyo maana ufanisi wake hufikia takriban asilimia 90. Maji hayo hutoka kwa bomba dogo la plastiki. Bomba hilo likipita nje kwa urefu bila kufunikwa, barafu huliziba wakati wa baridi kali na boila huzima siku ile ile inapohitajika zaidi.

Bomba hilo dogo huweza pia kutoa ushahidi. Tangu tarehe 1 Aprili 2005, kanuni za ujenzi za Uingereza na Wales zimetaka boila mpya za gesi ziwe za aina hii ya kuvuna mvuke, isipokuwa pale ambapo mazingira ya nyumba hayaruhusu. Boila isiyo na bomba hilo basi huenda ni ya kabla ya 2005, hata kama tangazo la mauzo linasema ni ya kisasa. Kwa kuwa boila nyingi hutarajiwa kudumu miaka 10 hadi 15, mnunuzi wake ajiandae kununua nyingine.

Hatari Isiyo na Harufu

Hadi hapa hasara iliyotajwa ni ya fedha. Ipo nyingine isiyolipika. Gesi isipopata hewa ya kutosha kuungua vizuri, huzalisha kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Himoglobini ya damu huikumbatia gesi hii zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo mtu anayeishi penye baridi huyadhania kuwa ni mafua. Aliyelala huenda asiamke.

Wakenya wanalijua janga hili kwa sura nyingine. Kila majira ya baridi, watu huonywa dhidi ya kufunga madirisha na kulala na jiko la makaa chumbani. Kiuaji ni kile kile, ila jiko la makaa huonekana na boila huwa imefichwa. Mahali ambapo mwali waweza kuonekana, mwali mzuri wa gesi ni wa buluu na umesimama imara. Mwali wa manjano unaoyumbayumba, masizi au alama za kuungua kwenye kifuniko cha boila, na maji yanayotiririka ndani ya vioo vya madirisha ya chumba chenye boila ni ishara za kuifanya boila izimwe na fundi aitwe. Kengele ya kaboni monoksidi ni ya lazima kwa busara, lakini haichukui nafasi ya ukaguzi. Kengele hulia baada ya hatari kuingia.

Hapa sheria ina pengo ambalo mnunuzi sharti alifahamu. Kwa mujibu wa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuhakikisha mitambo ya gesi inakaguliwa kila mwaka. Anayeishi katika nyumba yake mwenyewe halazimiki. Boila ya nyumba inayouzwa na mwenyeji wake yaweza basi kuwa haijaguswa na fundi kwa miaka mingi bila sheria yoyote kuvunjwa. Kwa upande mwingine, nyumba iliyokuwa na wapangaji inapaswa kuwa na hati ya ukaguzi wa karibuni. Isipokuwepo, kukosekana kwake ni habari tosha.

Hati na Maswali ya Maandishi

Katika ununuzi wa kawaida, muuzaji hujaza fomu ya taarifa za nyumba iitwayo TA6. Miongoni mwa mambo anayoulizwa ni aina ya mfumo wa joto, lini uliwekwa, kama unafanya kazi vizuri na mwaka uliofanyiwa huduma mara ya mwisho. Mnunuzi asiridhike na jibu la kwamba muuzaji hajui. Kupitia kwa wakili wake, anaweza kuongeza maswali yafuatayo:

(i) Boila iliwekwa tarehe gani, na fundi aliyeiweka alikuwa amesajiliwa?
(ii) Kipo cheti cha kuthibitisha kwamba uwekaji huo ulifuata kanuni za ujenzi?
(iii) Kipo kitabu cha kumbukumbu za huduma, na ukurasa wa mwisho uliojazwa ni wa mwaka gani?
(iv) Dhamana ya mtengenezaji bado ipo, na je, itamfuata mmiliki mpya? Dhamana nyingi huvunjika huduma ya kila mwaka inaporukwa.
(v) Mfumo umewahi kuvuja, kuongezwa maji mara kwa mara, au kuzimwa kwa sababu za usalama?

Hati nyingine ni cheti cha matumizi ya nishati, ambacho muuzaji anatakiwa kuwa nacho na ambacho huipanga nyumba katika daraja za A hadi G. Cheti hiki hudumu kwa miaka 10 na kinapatikana bila malipo katika rejista ya serikali. Kinafaa, lakini kisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Mwandishi wake hurekodi aina ya boila aliyoikuta bila kuijaribu, na katika muda wa miaka 10 boila inaweza kubadilishwa au kuharibika huku daraja ikibaki ile ile.

Fundi na Uamuzi

Dalili zikishakusanywa, hatua ya mwisho ni kumwita fundi kwa ruhusa ya muuzaji. Kazi ya gesi nchini Uingereza hufanywa kisheria na fundi aliyeandikishwa katika Gas Safe Register, sajili iliyochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Fundi wa leo anayejitambulisha kwa CORGI pekee hana sifa hiyo. Kila aliyesajiliwa hubeba kitambulisho chenye picha na namba yake, na nyuma yake huorodheshwa kazi anazoruhusiwa. Kuligeuza kadi hilo na kulisoma si utovu wa adabu. Wapo waliosajiliwa kwa majiko ya kupikia lakini si kwa boila.

Ripoti ya fundi humpa mnunuzi njia tatu. Anaweza kuomba kasoro zirekebishwe kabla ya mikataba kubadilishanwa, na aone hati ya kazi hiyo. Anaweza kuomba bei ipunguzwe kwa kiasi cha gharama, kisha afanye kazi hiyo mwenyewe kwa fundi anayemwamini. Njia hii ya pili mara nyingi ni bora, kwa kuwa muuzaji anayehama huelekea kuchagua tengenezo la bei rahisi. Au anaweza kuondoka. Kuondoka kunauma, hasa kwa mtu aliyekwisha kuchagua chumba cha watoto, lakini ada ya fundi na ya wakili ni ndogo kuliko deni la nyumba ya miaka 25 yenye mfumo uliooza. Kasoro yenyewe si sababu ya kuikimbia kila nyumba. Boila kuukuu iliyojulikana mapema ni hesabu tu ndani ya bei.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfumo wa joto ni kiungo cha nyumba ambacho mkaguzi wa majengo hakipimi, muuzaji halazimiki kukieleza na sheria haimlazimishi mwenyeji kukihudumia. Panapokutana mapengo hayo matatu, kinga ya mnunuzi ni maswali yake, na maswali hayo hayatungiki pasipo majina ya vitu. Yameonyesha vilevile kwamba sehemu kubwa ya majina hayo Kiswahili tayari kinayo. Rejeta ilikuwa gereji, dohani ilikuwa kwenye majengo na meli, na ukoko ulikuwa sufuriani. Yaliyokosekana ni machache, na hayo yametoholewa au kuelezwa kwa maneno ya kawaida.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hapa pana kazi. Mijadala ya istilahi aghalabu huelekezwa kwenye sayansi ya vitabuni na lugha ya serikali, ilhali msemaji wa Kiswahili aliye ughaibuni huhitaji istilahi usiku anapojadili na mwenzake kama waweke sahihi asubuhi. Kijitabu kifupi cha maneno ya nyumba, mkataba, gesi na joto kingewafaa wengi. Mtu aliyeelezwa kwa lugha yake tofauti kati ya rejeta yenye hewa na rejeta yenye tope hatadanganywa kwa urahisi na rangi mpya ya ukutani, wala hatalala karibu na mwali wa manjano akidhani kichwa kinamuuma kwa sababu ya baridi.